Mafundo ya DNA na Umri wa Mwanadamu: Sayansi ya Uzee na Maana Yake kwa Wazee wa Zanzibar

Katika kijiji cha Uroa, Wilaya ya Kati, Mkoa wa Kusini Unguja, si jambo geni kuwakuta watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja akiwa bado anashuka pwani maji yanapokupwa kwenda kufunga mwani, na mwenziwe akiwa hawezi kutoka barazani bila ya mkongojo. Kwa hesabu ya kalenda watu hao ni hirimu moja. Kwa hesabu ya mwili, mmoja amemtangulia mwenziwe kwa miaka mingi.

Tofauti hiyo ina sababu nyingi: maradhi ya utotoni, lishe, uzazi, kazi, moshi wa jikoni, huduma za afya na urithi wa wazazi. Lakini sababu zote hizo, mwishowe, huacha alama zake mahali pamoja, nayo ni ndani ya seli, katika nyuzi nyembamba za DNA na RNA zinazobeba maelekezo ya uhai. Katika miongo ya karibuni wanasayansi wamebaini kuwa nyuzi hizo hazikai daima katika umbo lile linalochorwa katika vitabu vya skuli. Hujikunja, hujifunga mafundo na kufanya vitanzi, na namna seli inavyoyamudu mafundo hayo ni sehemu ya kisa cha uzee.

Jambo hili si la maabara peke yake. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikilipa Pensheni Jamii kwa kila mzee mkaazi aliyetimiza miaka 70, bila ya kujali kama aliwahi kuajiriwa au la. Malipo hayo yalianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kwa mkulima wa mwani, mvuvi au msokotaji wa kamba asiyewahi kuwa na mwajiri, umri umekuwa haki inayodaiwa kwa ushahidi. Kwa hiyo ni vyema mwananchi akafahamu nini sayansi inaweza kusema kuhusu umri wa mtu, na nini haiwezi.

Umbo la kawaida la DNA

Kila seli ya mwili wa binadamu yenye kiini hubeba DNA ambayo, ikinyooshwa, hufikia urefu wa takriban mita 2. DNA hiyo imegawanyika katika kromosomu 46. Maelekezo yake yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo ni kemikali zinazoitwa adenini, thimini, guanini na saitosini. Kwa kifupi A, T, G na C. Seti moja ya urithi wa binadamu ina jozi za herufi zipatazo bilioni 3.

Mwaka 1953 James Watson na Francis Crick, wakitegemea pia picha za miale ya eksirei zilizopigwa katika maabara ya Rosalind Franklin, walieleza umbo la DNA kuwa ni nyuzi mbili zilizosokotana. Mtu aliyewahi kuona kamba ya usumba ikisokotwa anaweza kulielewa umbo hilo kwa urahisi: nyuzi mbili huzungukana kuelekea upande mmoja, na kila herufi ya uzi mmoja hushikana na mwenzake wa uzi wa pili, A kwa T na G kwa C.

Mpangilio huo una faida kubwa. Seli inapotaka kugawanyika, nyuzi huachanishwa na kila mmoja hutumika kama kiolezo cha kutengenezea mwenzake mpya. Seli inapotaka kutengeneza protini, sehemu ndogo ya kamba hufunguliwa, nakala yake huandikwa kwa RNA, kisha kamba hujifunga tena. RNA kwa kawaida huwa ni uzi mmoja, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kujikunja.

Kufungua huku na kufunga ndiko kunakotoa nafasi ya maumbo mengine kujitokeza. Uzi ulioachwa peke yake, hata kwa muda mfupi, unaweza kujikunja wenyewe kabla ya kurudi kwa mwenziwe.

Maumbo yasiyo ya kawaida

Umbo lililochunguzwa zaidi katika utafiti wa uzee ni lile linaloitwa kwadrupleksi-G, yaani fundo la nyuzi nne. Herufi G ina tabia ya kushikana na G nyingine. Zikikutana nne hukaa kama pembe za mraba bapa, na miraba kadhaa ikipandana hutokea nguzo fupi iliyo imara sana. Madini ya potasiamu, ambayo yamo kwa wingi ndani ya seli, hukaa katikati ya miraba hiyo na kuikaza zaidi.

Mpangilio huo wa mraba ulielezwa mwaka 1962 na Martin Gellert pamoja na wenzake nchini Marekani. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu wengi waliuona kuwa ni jambo la chupa za maabara tu. Hali ilibadilika mwaka 2013, pale kundi la Shankar Balasubramanian wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, lilipotumia kingamwili maalumu kuyaonesha mafundo hayo ndani ya seli za binadamu. Mwaka 2015 kundi hilo lilitangaza kuwa katika DNA ya binadamu kuna sehemu zaidi ya 700,000 zenye uwezo wa kujifunga hivyo. Hiyo haina maana kwamba zote hujifunga kwa wakati mmoja. Ni idadi ya mahali ambapo fundo linawezekana.

Yapo pia maumbo mengine. Kitanzi-R hutokea pale RNA iliyokwisha kuandikwa inapokataa kuachana na DNA iliyonakiliwa, ikajishikiza kwa uzi mmoja na kuuacha uzi wa pili ukining'inia. DNA ya umbo Z, iliyoelezwa na kundi la Alexander Rich mwaka 1979, ni kamba iliyosokotwa kuelekea kushoto badala ya kulia. Motifu-i ni fundo la herufi C, ambalo watafiti wa Sydney, Australia, waliliona ndani ya seli za binadamu mwaka 2018. Aidha, pale herufi chache zinaporudiwa mara nyingi mfululizo, uzi unaweza kujikunja na kufanya umbo la kibanio cha nywele.

Maumbo haya si maradhi. Mengi yana kazi zake: huonesha wapi jeni iwashwe au izimwe, husaidia kuanzisha unakili wa DNA, na hulinda ncha za kromosomu. Tatizo huanza pale fundo linapobaki wakati linapotakiwa kufunguka.

Ncha za kromosomu na hesabu ya migawanyiko

Mahali ambapo fundo la nyuzi nne lina umuhimu wa pekee kwa uzee ni kwenye telomea, yaani ncha za kromosomu. Kromosomu 46 zina ncha 92, na kila ncha imefunikwa na mfululizo wa herufi TTAGGG unaorudiwa maelfu ya mara. Kazi yake inafanana na ile ya fundo linalofungwa mwishoni mwa kamba ili isifumuke. Bila ya telomea, seli ingeziona ncha hizo kuwa ni DNA iliyokatika na kujaribu kuziunganisha ovyo.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, waliokuwa wakifanya kazi Philadelphia, Marekani, walionesha kuwa seli za kawaida za binadamu zinazokuzwa maabara hugawanyika baina ya mara 40 na 60 hivi, kisha husita. Sababu mojawapo ilikuja kujulikana baadaye: kila seli inapogawanyika, mitambo ya kunakili DNA haiwezi kuifikia ncha kabisa, na telomea hupungua kidogo. Mtoto huzaliwa na telomea zenye urefu wa takriban herufi 10,000 hadi 15,000, na seli nyingi hupoteza baina ya herufi 50 na 100 kwa kila mgawanyiko. Ncha ikiwa fupi mno, seli huacha kugawanyika.

Elizabeth Blackburn na Carol Greider waligundua mwaka 1984 kimeng'enya kiitwacho telomeresi, chenye uwezo wa kuziongeza ncha hizo. Wao pamoja na Jack Szostak walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2009. Telomeresi hufanya kazi katika seli za uzazi na katika baadhi ya seli mama, lakini katika seli nyingi za mtu mzima imezimwa au ni dhaifu.

Herufi TTAGGG, kwa kuwa zina G tatu mfululizo zinazorudiwa tena na tena, ni mahali panapofaa mno kwa fundo la nyuzi nne. Fundo hilo lina pande mbili. Kwa upande mmoja, linaifunika ncha na kuisaidia isishambuliwe. Kwa upande wa pili, mitambo ya kunakili DNA ikilikuta halijafunguliwa, husimama. Ikisimama kwa muda mrefu, uzi hukatika na telomea hupotea kwa kipande kikubwa badala ya kupungua kidogo kidogo. Telomeresi nayo huzuiwa na mafundo ya aina fulani isiweze kuirefusha ncha.

RNA nayo ina nafasi yake. Mwaka 2007 ilithibitishwa kuwa telomea, zilizodhaniwa kuwa kimya, hunakiliwa na kutoa RNA iitwayo TERRA. RNA hiyo hujishikiza kwenye ncha na kufanya vitanzi-R, na yenyewe pia huweza kujifunga mafundo ya nyuzi nne. Ikiwa kwa kiasi, huchangia ulinzi wa ncha. Ikizidi au ikikaa mahali pasipostahiki, huongeza hatari ya kukatika kwa DNA.

Pale wafungua mafundo wanapokosekana

Seli haikuachwa bila ya msaada. Ina vimeng'enya viitwavyo helikesi, ambavyo hupita juu ya DNA vikifungua msokoto na mafundo mbele ya mitambo ya kunakili. Umuhimu wake umefahamika kutokana na maradhi adimu ya watu waliozaliwa bila ya kimojawapo.

Mfano unaojulikana zaidi ni ugonjwa wa Werner, uliopewa jina la Otto Werner, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1904. Mtu mwenye ugonjwa huu hukua kama watoto wengine hadi umri wa kubalehe. Kisha hakui tena kwa kimo kama wenziwe, nywele humtoka mvi akiwa na miaka ya ishirini, na katika miaka ya thelathini huweza kupata mtoto wa jicho, kisukari, ngozi kukauka na mishipa ya damu kukakamaa. Wengi hufariki wakiwa na umri wa miaka ya hamsini, kwa saratani au maradhi ya moyo. Mwaka 1996 jeni inayohusika ilipatikana katika kromosomu ya 8, na ikadhihirika kuwa ni jeni ya helikesi, ambayo moja ya kazi zake ni kufungua mafundo ya nyuzi nne, yakiwemo yale ya telomea.

Ugonjwa wa Werner ni adimu sana, na uzee wa kawaida si ugonjwa huo. Hata hivyo unatoa funzo: kupungukiwa na mfunguaji mmoja tu wa mafundo kunatosha kuleta alama nyingi za ukongwe kabla ya wakati wake.

Mafundo ya RNA yamehusishwa pia na maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu yanayowapata watu wa makamo na wazee. Mwaka 2011 iligunduliwa kuwa baadhi ya watu wenye aina fulani ya ugonjwa wa kusahau, au ugonjwa wa kudhoofika misuli unaojulikana kwa kifupi ALS, wana jeni ambamo herufi GGGGCC zimerudiwa mamia ya mara. RNA inayotokana na herufi hizo hujifunga mafundo na kuzinasa protini ambazo seli ya fahamu inazihitaji kwa kazi nyingine.

Jua, moshi na kutu ya seli

Herufi G ina udhaifu mmoja: ndiyo inayoathirika kwa urahisi zaidi na oksijeni kali inayozalishwa ndani ya mwili, hali inayoweza kufananishwa na chuma kushika kutu. Moshi wa tumbaku, uvimbe wa muda mrefu mwilini na maradhi kama kisukari huongeza kutu hiyo. Telomea, zenye G nyingi, ni miongoni mwa sehemu zinazodhurika mapema. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, walionesha kuwa madhara ya aina hiyo yakitokea kwenye telomea pekee yanatosha kuifanya seli iache kugawanyika, hata kama ncha haijawa fupi.

Mwanga mkali wa jua nao huziunganisha isivyo kawaida herufi T zilizo jirani katika DNA ya ngozi. Wakulima wa mwani, ambao tangu kilimo hicho kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 wengi wao wamekuwa ni wanawake, hufanya kazi kwa saa kadhaa wakati wa bamvua, jua likiwapiga kutoka juu na kurudi kutoka kwenye maji. Kofia pana, nguo za mikono mirefu na ushungi si mapambo kwa mtu wa kazi hiyo. Ni kinga ya ngozi, kama ambavyo miwani ya jua ni kinga ya macho dhidi ya mtoto wa jicho.

Seli iliyoacha kugawanyika haifi mara moja. Hubaki mahali pake ikitoa kemikali zinazochochea uvimbe kwa seli jirani. Kinga ya mwili ya kijana huziondoa seli hizo kwa wepesi, lakini kadiri mtu anavyozeeka ndivyo zinavyorundikana, na ndipo viungo vinapouma, kidonda kinapochelewa kupona na mishipa inapokakamaa.

Utafiti wa Afrika: malaria na urefu wa telomea

Mengi kati ya yaliyoelezwa hapo juu yalipatikana kwa kuwachunguza watu wa Ulaya, Marekani na Japani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulileta ushahidi kutoka Afrika yenyewe. Watafiti walipima telomea za seli nyeupe za damu za watu 1,818 kutoka jamii mbalimbali za Tanzania, Ethiopia, Botswana na Cameroon. Tofauti baina ya jamii zilikuwa kubwa: Wasan wa Botswana walikuwa na telomea ndefu zaidi, na Wafulani wa Cameroon fupi zaidi. Ilionekana pia kuwa jamii zinazoishi mahali penye malaria nyingi zina telomea fupi zaidi kwa wastani.

Kuwepo pamoja kwa mambo mawili si uthibitisho kwamba moja limesababisha jingine. Lakini njia yenyewe inaeleweka. Vimelea vya malaria huharibu seli za damu, mwili hulazimika kutengeneza nyingine kwa haraka, na kila seli mama inapogawanyika ncha zake hupungua. Homa na uvimbe navyo huongeza ile kutu ya herufi G. Watafiti wa Sweden waliowafuatilia wasafiri waliopata malaria nje ya nchi hiyo waliona telomea za seli zao za damu zikipungua baada ya maradhi, kisha zikirejea taratibu.

Kwa Zanzibar habari hii ina uzito wake. Mzee wa Uroa anayepokea Pensheni Jamii leo alikuwa mtoto katika miaka ya 1950 au kabla ya hapo, wakati malaria ilikuwa ni homa ya kila msimu. Kampeni iliyoendeshwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 iliishusha malaria kwa kiasi kikubwa, lakini ilisitishwa mwaka 1968 na maradhi yakarudi. Mafanikio ya sasa yalianza na dawa mseto mwaka 2003, yakafuatiwa na vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumbani mwaka 2006, na kwa zaidi ya muongo mmoja maambukizi yamebaki chini ya asilimia 1. Kizazi kilichozaliwa Uroa baada ya hapo ni cha kwanza kukua bila ya homa hiyo kuwa jambo la kawaida. Ikiwa matokeo ya mwaka 2024 yatathibitika, basi chandarua kilichotundikwa juu ya kitanda cha mtoto ni akiba ya uzeeni pia.

Utafiti huo na mingine unafundisha jambo la pili. Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika Kusini mwa Sahara wana telomea ndefu kuliko watu wenye asili ya Ulaya, na bado wastani wa maisha katika nchi nyingi za Afrika umekuwa mfupi zaidi. Urefu wa ncha za kromosomu, kwa hivyo, hauwezi kuwa badala ya maji safi, chanjo, ukunga salama na matibabu ya shinikizo la damu.

Je, maabara inaweza kutaja umri wa mtu?

Hapa ndipo swali la haki linapokutana na sayansi. Wazee wengi walizaliwa nyumbani, kwa mkono wa mkunga wa kijiji, na kuzaliwa kwao kulikumbukwa kwa matukio: mwaka wa njaa, mwaka wa mvua kubwa, kabla au baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtu anaweza kujiuliza kama tone la damu lisingemaliza ubishi huo.

Jibu ni hapana. Telomea za watu waliozaliwa siku moja hutofautiana tangu utotoni, na tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba mtu wa miaka 50 anaweza kuwa na ncha fupi kuliko wa miaka 75. Kipimo hicho kinafaa kulinganisha makundi makubwa ya watu, wala hakifai kumkubali au kumkataa mzee mmoja. Tena kingeleta dhulma: aliyeugua na kufanya kazi ngumu angeonekana mkongwe, na aliyejaaliwa afya angenyimwa haki yake. Sheria imechagua kipimo kilicho sawa kwa wote, nacho ni miaka tangu kuzaliwa, inayothibitishwa kwa vitambulisho na kumbukumbu. Kwa sababu hiyo, usajili wa kila mtoto anayezaliwa kupitia Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar ni ulinzi wa mtoto huyo atakapofikia uzee.

Tahadhari kuhusu dawa za kurudisha ujana

Kadiri elimu ya telomea inavyoenea, ndivyo zinavyozidi kutangazwa duniani bidhaa zinazodaiwa kurefusha ncha za kromosomu na kurudisha ujana. Hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kuwa inazuia uzee wa binadamu kwa njia hiyo. Kuiwasha telomeresi ovyo kuna hatari, kwani karibu aina tisa kati ya kumi za saratani huitumia telomeresi hiyo hiyo ili seli zake zigawanyike bila ya kikomo. Telomea ndefu kupita kiasi zenyewe zimehusishwa na baadhi ya saratani, ikiwemo ya ngozi.

Utafiti wa dawa zinazogusa mafundo ya nyuzi nne unaendelea, lakini zaidi kwa lengo tofauti: kuyakaza mafundo ndani ya seli za saratani ili zishindwe kugawanyika. Dawa hizo bado ziko katika majaribio. Mwananchi anayeletewa kidonge, unga au sindano ya ujana anapaswa kuuliza kwanza kama bidhaa hiyo imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, na kumshauri mzee wake asiache dawa za presha au kisukari kwa ajili yake.

Yanayowezekana sasa

Hakuna awezaye kuzuia telomea zake zisipungue. Hata hivyo mambo yanayopunguza madhara yanafahamika: kuacha tumbaku, kupima na kutibu shinikizo la damu na kisukari mapema, kula mboga, matunda na samaki, kutembea kila siku, kujikinga na jua kali wakati wa kazi za pwani, kulala ndani ya chandarua, na kutumia jiko lisilojaza moshi ndani ya nyumba. Mzee ambaye macho yake yanaingia ukungu apelekwe kituo cha afya mapema, kwani mtoto wa jicho hutibika kwa upasuaji mfupi.

Elimu hii ina faida nyingine kwa jamii. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, hususan Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wamewahi kushambuliwa na hata kuuawa kwa sababu macho yao ni mekundu au ngozi yao imekunjamana, wakidhaniwa kuwa ni wachawi. Macho mekundu ni matokeo ya miaka ya moshi wa jikoni, na makunyanzi ni kazi ya jua na ya seli zilizochoka. Vivyo hivyo, kijana anayeota mvi na kudhoofika kabla ya wakati anahitaji daktari, wala si mganga wa kutafuta aliyemroga.

Yule mwanamke wa Uroa anayeegemea mkongojo akiwa hirimu moja na anayefunga mwani hakufanya kosa lolote lililomzeesha. Mwili wake umebeba hesabu ya homa alizougua, watoto aliowazaa, jua alilofanyia kazi na urithi ambao hakuuchagua. Sayansi imeanza kuisoma hesabu hiyo, fundo kwa fundo. Mbele ya Pensheni Jamii, hata hivyo, yeye na mwenziwe ni sawa: wote wametimiza miaka 70, na wote wana haki moja.